Farasi Yetu ya Kikula Inakamata Karte

Hapana, haikukuwaka bulozi. Muikale kwanza, musifungue kinywa, minye ninayua ile munataka kuniuliza, ninaiona mu macho yenu. Batu bote benye kupita hapa Kikula banaanzaka na ile: "Kambo, eti farasi yako ililala bila nyota mu uso, ikalamuka na nyota?" Haikulamuka na nyota. Nyota ilikuwa yake tangu mu tumbo ya mama yake. Ilifichwa tu kidogo, sawa vile mwanamuke anafichaka mvi. Na mwenye aliificha haiko shetani, ni binti yangu mukubwa, ule anasukaka nywele pa soko.

Sasa musikie.

Bwana yangu, Mungu amulalishe pazuri, alitumikaka ku klabu ya farasi, kule bakubwa na bibi zabo balikuwa banapanda siku ya yenga, siku ya Mungu, kisha misa. Kazi yake ilikuwa kulisha, kusukula, kupiga burashi, kuweka kiti ku mugongo, na kushika kamba mpaka mukubwa apande. Miaka yote alishika kamba. Kupanda yeye mwenyewe, ata siku moja. Nilimuulizaka: "We baba, unasukula ile mugongo kuliko unasukula yangu, na haupandake?" Alikuwa na sauti ya chini, sawa mutu iko anaungama zambi. Ananijibu: "Mama, kila mutu na fasi yake. Yangu ni pembeni ya farasi." Pembeni! Mwanaume muzima, mabega sawa mulango ya kanisa, fasi yake pembeni!

Klabu ikafungwa. Farasi zingine zikapelekwa Lubumbashi, zingine sijui wapi. Ikabakia moja ya mimba, hakuna mutu mwenye kuitaka. Mukubwa ya mwisho, mwenye alikuwa anasemea mu pua sawa mutu ya mafua ya kila siku, akamwambia bwana yangu: "Kamata, muzee. Ni yako." Ile njo ilizaa hii yetu. Mama yake alikufa, bwana yangu naye alikufa, tukabakia banamuke babili mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, minye na farasi. Iko na rangi ya chai kavu, manywele nyeusi ku shingo, na mu paji ya uso iko na nyota nyeupe, sawa mutu alitia kidole mu bunga akaigusa pale.

Ni farasi ya kazi. Inaendaka ku maharusi, bibi-harusi anaikala juu, banapiga foto. Ku bonané, siku ya mwaka mupya, batoto banapanda mumoja mumoja, banalia, bamama zabo banacheka. Inanilisha, na minye ninaikatia majani ku mutoni. Hakuna mwenye kumusumbua mwenzake.

Lakini nilikuwa na kitu moja mu roho. Mujukuu yangu, mutoto ya huyu binti musuka nywele, alichumbiwa na kijana ya Kapolowe. Kijana muzuri, analima matunguu, meno yote iko. Nilikuwa ninamuita "bwana yetu", juu kwetu kambo na mujukuu banagawanyaka bwana, na yeye alikuwa anacheka sawa mbuzi yenye kumeza mbegu: "Hê-hê-hê, kambo, utaniua." Basi siku bakwe balikuya kupanga siku ya harusi, minye nikasimama mbele yabo bote nikasema: "Huyu mutoto hataingia Kapolowe na miguu. Hataingia na motokari ya kulomba. Ataikala ku mugongo ya farasi ya kambo yake mwanaume, na kamba, minye njo nitashika." Bakwe bakapiga makofi. Bakwe mwanaume akasema na ile sauti yake ya kanisani: "A-me-na." Mutoto mwenyewe aliinamisha kichwa. Kwetu mwali hasemake, ananyamazaka, macho chini. Tukaona ile ni furaha.

Mu ile miezi njo batu ba Leta, ile serikali, banganga ya banyama, balifika muji yetu ya Likasi. Balikuwa babili. Dokta mukubwa ni muzee ya kitambi, miwani yake inashukaka mpaka ku ncha ya pua. Dokta mudogo ni binti mwembamba, mu buti za mupira, haongeake mingi. Balituita siye batu ba farasi, ku kiwanja moja ku njia ya Kakontwe. Musizanie ni makutano makubwa. Batu ba farasi ba hapa kwetu, tunaenea mu benchi moja.

Dokta mukubwa akasimama, akapandisha miwani, ikashuka. "Bamama na bapapa! Farasi iko na ugonjwa moja mubaya sana. Tududu tudogo tunaruka mangaribi, tunauma farasi mugonjwa, kisha tunaenda kuuma nzima. Juu ya macho inavimba. Povu inatoka ku pua. Asubui uko na farasi, mangaribi uko na shimo ya kuchimba. Ile ugonjwa bado haijafika hapa. Ba-do! Lakini siku ikifika, tutauliza: ile farasi yenye kuanguka, ilikuwa imetoka wapi? Ilisimama pembeni ya farasi gani? Na ile ingine, sasa iko wapi? Farasi haisemake. Mutu anasemaka, lakini anasahau, ao anadanganya. Basi kila farasi itapata karte yake, na uso yake, na fasi inalalaka, na njia yote ilitembeaka. Na yenye haina karte, haipite bariere ya polisi."

Minye nikainua mukono. "Dokta, uso ya karte haidanganyake? Ile foto yangu ya karte ya uchaguzi inafanana na mama-mukwe wangu. Na yeye alikufa mbele niolewe."

Benchi yote ikacheka. Yeye pia alicheka, lakini ndani ya tumbo, juu ni mukubwa. Minye nilicheka na meno tu. Masikio yangu yalibakia pale pa bariere. Ku njia ya Kapolowe kuko bariere. Bila karte, mujukuu yangu ataingia kule sawa mufuko ya makala ya kupikia.

Nikarudia ku nyumba nikamwambia binti yangu: "Farasi iko inaenda kukamata karte."

Ninyi munayua kwetu karte ni nini. Karte ni ile ya uchaguzi, hatuna ingine. Siku ya kuikamata, hakuna mutu mwenye kwenda vile alilamuka. Tunasuka. Tunapasi. Bazee banalomba koti kwa jirani. Juu ile sura utaionyesha ku banki, ku hospitali, ku polisi, miaka na miaka, na ukikosea siku moja, uko umeikosea mbele ya inchi yote. Sasa farasi, itaenda na vumbi?

Binti yangu akakamata farasi sawa klienti ya saloni yake. Anasemaka na pini mu meno, maneno yanatoka pembeni: "Mama, shika kichwa. Mama, usiiongeleshe, inatikisika." Alisukula, alikausha, alisuka shingo yote, misuko midogo midogo, akamalizia na ushanga ya buluu. Kisha akasimama mbele ya uso, akakunja mikono.

"Mama. Hii iko na mvi."

"Haiko mvi. Ni nyota yake."

"Weye unayua ni nyota. Dokta anayua? Ataona nyeupe mu uso, ataandika 'muzee', ataikatala. Kapolowe haitafika."

Nikaangalia farasi. Kweli, haiko tena kijana. Meno yamekuwa marefu, mugongo umeshuka kidogo katikati, sawa kitanda ya batu benye kuzaa mingi. Nikamwambia: "Upake."

Alikuwa na chupa ya rangi ya kichwa, ilibakia ya bibi ya pastere, ule anasemaka nywele zake ni nyeusi juu ya maombi. Akaikoroga na ingine ya kahawia, akapima ku kidole, akapaka pole pole na burashi ya meno, akazungushia mufuko ya plastiki mpaka ikamate. Alipopanguza, nyota hakuna! Farasi ikawa sawa binti ya komunyo ya kwanza. Minye nilipiga kigelegele pale pale. Mutoto yangu iko na mikono. Mukitafuta mwenye kupaka vile mpaka Lubumbashi, hamutamupata.

Tulipita mu muji nayo, minye mbele, kitenge mupya, kamba mu mukono. Bachimbaji ba madini benye kupanda pikipiki babili babili balisimama. "Kambo! Harusi iko wapi?"

"Hakuna harusi. Inaenda kukamata karte."

"Itavotea nani?"

"Haitavotea wewe, sura yako inaiogopesha!"

Ku kiwanja, dokta mukubwa alizunguka farasi, mikono ku mugongo. "Oh! Oh! Mama, hii ni farasi ao ni bibi-harusi?" Balikuwa na karatasi yenye farasi ya kuchora, ubavu moja na ubavu ya pili, na uso, na miguu, bila kitu ndani, dokta mudogo njo anaweka alama zake. Mukubwa anasema, mudogo anaandika. "Rangi: kahawia nzito. Miguu: hakuna nyeupe. Uso..." Miwani ikashuka. "Uso: hakuna nyeupe." Binti yangu alikohoa. Nikamufinya.

Kisha dokta mudogo akaweka kidole mu paji ya uso, akakitembeza. Pale kuko manywele yanazunguka, sawa pa utosi ya mutoto muchanga. Akachora kale kamuzunguko, fasi yake kamili. Akainama chini, akaangalia ndani ya miguu, pale farasi iko na kitu kigumu, sawa ganda ya muhogo ya kukauka. Akakichora pia, muguu kwa muguu. Nikamuuliza: "Mutoto, ile uchafu ya miguu unaichorea nini?"

"Haiko uchafu, mama. Hakuna farasi mbili zenye kufanana pale. Ni sawa kidole chako."

Ile ilinifurahisha kabisa. Minye sikusomaka. Nasainiaka na kidole gumba, ninakitia mu wino, ninakanyaga karatasi, na benye kalamu banangojea nimalize. Basi farasi yangu pia inasaini na mwili.

Bakaniuliza njia. Pale njo nilikuwa mwalimu, sikunyamaza! Harusi ya Panda, ile bwana alichelewa mpaka muke akalala juu ya farasi. Harusi ya Kakontwe, vumbi nyeupe mpaka farasi ikawa sawa mukate. Sikukuu moja ku upande ya Buluo. Na harusi ya kwenye farme, ile shamba kubwa, ku njia ya Kapolowe, kule kuko farasi dume moja mukubwa yenye kiburi, yangu ilisimama naye mu kivuli moja mangaribi yote, na ninayua nini balisemezana? Dokta mukubwa anaandikisha yote, anasema: "Mama, hii farasi inatembea kuliko minye." Bakapiga foto. Bakatoa karte. Juu yake: namba moja. Ya kwanza ya Likasi yote! Ya kwenye farme ilikuya nyuma. Nilipeleka ile karte kanisani, nikaionyesha kila mutu, ata mwenye sikumusalimiake.

Sasa, ninyi batu ba muji hamuyue manywele ya farasi. Wakati ya baridi inavala manywele ndefu. Baridi ikiisha, inayamwaga, unapiga burashi unajaza kitunga. Rangi ya binti yangu ilikuwa mu ile manywele. Basi kidogo kidogo, leo nukta, kesho nukta, nyota ikarudia fasi yake. Minye sikuona kitu. Farasi ni ile ile, ninailisha kila siku, mvi zake ninaziyua sawa zangu.

Lakini jirani yangu aliona. Huyu ni mama ya maombi, ukuta yetu ni moja, anasalia na sauti kubwa juu Mungu asimupite. Asubui moja aliweka kichwa juu ya ukuta. Akaona. Ah! "Mu jina! Mu jina! Mu jinaaa! Juzi hakukuwa kitu, leo iko na alama mu paji ya uso! Alama mu paji! Mama, funga ile kitu, ni mutu, haiko nyama!"

"Mama," nikamwambia, "ile ni mvi."

"Mvi inaota mu siku mbili?"

"Kaulize bibi ya pastere."

Alienda mbio, na mbele ya saa sita ya muchana Kikula yote ilikuwa imesikia. Batoto balipita mbali ya lupango. Mwenye kuuzisha mandazi aligeuza njia. Minye nilicheka tu. Harusi ilikuwa imefika karibu, ilibakia posho moja, siku saba tu. Nguo imeshonwa, kamio, gari kubwa ya makala, ya kupeleka farasi imepatikana, kuku zimefungwa miguu.

Pale njo badokta balirudi. Hakuna mutu alituambia. Balisimamisha motokari mbele ya lupango, dokta mukubwa akashuka na karatasi zake.

"Mama, leo tunafanya sawa vile ugonjwa imefika. Haikufika, usiogope. Tunajaribu, tuone kama ikifika tutaweza. Tunasema: farasi dume ya kwenye farme imeanguka leo asubui. Tunatafuta zote zenye kusimama naye. Mu karatasi, yako ilisimama naye."

"Munaigiza?" nikasema. "Mungeniita tangu kwanza. Kuiga batu ni kazi yangu."

"Namba moja iko wapi?"

"Ile pale, inakula."

Akaangalia farasi. Akaangalia karatasi. Akapandisha miwani. Akaangalia tena. Sauti ikabadilika, ikakuwa ya Leta. "Mama. Namba moja haina nyota. Hii iko na nyota."

"Ni yake."

"Mu foto haiko."

"Ilifichwa."

"Nani anafichaka nyota ya farasi?"

Binti yangu alikuwa amefika kutoka soko, kisanuo mu nywele. "Ni minye. Niliipaka."

"Ulipaka nini?"

"Rangi ya kichwa. Juu ya foto."

Dokta aliangalia huyu, akaniangalia, akaangalia mbingu. "Miaka yote ninatumika, batu balinidanganya namna yote. 'Dokta, ng'ombe yangu iko moja,' na tisa zinalia nyuma ya nyumba. Lakini rangi ya kichwa!" Na pale pale, juu ya ukuta, kichwa ya jirani ikatokea: "Dokta, minye nashuhudia! Kwanza haikukuwa na alama! Ilikuya yenyewe! Mu jina!"

Ninyi munaona? Ule mama alizani ananikamata mulozi, kumbe alikuwa anamwambia dokta kwamba hii ni farasi ingine.

Dokta hakucheka tena. "Mama, sikia. Kwangu leo, farasi namba moja imepotea, na farasi yenye hatuiyue imeingia mu Likasi, hatuyue imetoka wapi. Kama ingekuwa ugonjwa ya kweli, ile njo kitu kibaya kupita zote. Farasi yenye haiyulikane inaenda mu lupango ya pembeni, peke yake, mpaka tuyue. Na farasi ya Likasi hakuna yenye kupita bariere mpaka namba moja ionekane."

"Na harusi?"

"Ugonjwa haina harusi, mama."

Dokta ananiambia ile. Minye! Niliona mujukuu yangu anaingia Kapolowe na miguu, bakwe banaangalia njia, banauliza: farasi iko wapi? Nikashika kamba ya farasi, sikuiachilia. Dokta alikuwa amekwisha kuita mutu ya kuikokota.

Pale njo dokta mudogo akashuka mu motokari. Alikamata karatasi mu mukono ya mukubwa yake, akasogea mbele ya farasi, akatia kidole mu ile nyota, akakitembeza, akasimama. "Docteur, muzunguko iko pale pale. Juu kidogo ya jicho ya kushoto, vile nilichora." Akainama. "Miguu pia. Kuya uangalie."

Muzee alipiga magoti mu majani ya lupango yangu, kitambi mbele, sawa mwanaume anaenda kuposa. Aliangalia muguu ya kwanza na karatasi, ya pili na karatasi. Alizungukia nyuma na magoti yake. Farasi ilimupulizia hewa mu kichwa. Binti yangu naye akaonyesha pembeni ya nyota, manywele machache yenye bado iko na rangi ku ncha, nyeupe ku shina. "Angalia, dokta. Kazi yangu. Haijatoka yote."

Muzee akaikala chini kabisa. Tumbo ikaanza kutetemeka. Mara hii kicheko ilitoka inje, miwani ikaanguka mu majani, binti yangu akaiokota. "Ni yeye," anasema, anapanguza macho. "Ni yeye. Tulizani batu bataficha farasi. Tulizani batauzishana karte. Hakuna mutu alifikiria kwamba bataipeleka ku saloni!"

Na hapa musikie vizuri, juu hii ni yetu. Tangu ile siku, fasi yote badokta banaenda kuandika farasi, mbele ya kushika kalamu banakamata kitambaa na maji, banapanguza uso, banapanguza miguu, kisha njo banachora. Dokta mukubwa alituambia mwenyewe: "Hii imeingia mu kazi." Bakiuliza ilitoka wapi, ilitoka mu Kikula, mu lupango yangu, ku mukono ya binti yangu. Ugonjwa ikifika siku moja, hakuna farasi itapita njia ya uongo juu ya rangi. Siye njo tulibafundisha, bila kutaka, na ile haipunguze kitu. Na farasi yangu, ni ile peke yake iliyulikana mara mbili. Karte mupya iko na nyota, foto bila misuko, uso yake ya kweli. Dokta alitaka kuipa namba ingine. Nikakatala. "Ni moja ao hakuna." Akaiacha moja.

Jirani alishuka ku ukuta bila amina.

Siku ya harusi, kamio ya makala ilisukulwa, farasi ikapanda juu ya majani mupya, minye pembeni yake. Ku bariere, polisi akanyoosha mukono, sauti ya kuchoka: "Karte." Nikamupa yangu. "Na hii?" Nikamupa yake. Akasoma, akaangalia nyota, akasoma tena, akaita mwenzake: "Kuya uone, farasi iko na karte mupya kuliko yetu!" Bakapiga saluti, babili pamoja, na nikajibu saluti, na mukono ya kushoto, juu ule ya kuume ulikuwa na kamba.

Mbele ya nyumba ya kwanza ya Kapolowe tukateremusha farasi. Bakwe balikuwa bamesimama ku pande mbili za njia, bamama na vitenge bya namna moja, ngoma, vigelegele, bwana yetu mu kositimi yenye kumubana. Binti yangu alikuwa ameweka kiti ku mugongo, na juu ya kiti kitambaa nyeupe. Mujukuu yangu akashuka mu motokari ya mjomba yake, nguo inakokota mu vumbi, shangazi babili banaishika. Hakuwa amesema neno tangu baposaji balikuya, na hakuna mutu alikuwa amemuuliza.

Ngoma zikanyamaza. Nikakaza kamba, nikasimama sawa vile bwana yangu alisimamaka, pembeni, na nikasema: "Panda, mutoto. Farasi ni yako."

Akaangalia farasi. Akaangalia nguo yake. Akaangalia bakwe, upande hii na upande hii. Akainua vele ya uso, akaiweka ku pua.

"Kambo," anasema, na sauti yake Kapolowe yote iliisikia, "farasi inanuka."